Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi: chanjo nzuri, mtihani ni jokofu

Chanjo ya kisasa ya mkanda wa jeshi inaitwa Shingrix, hutengenezwa na kampuni ya GSK, na kwa mtu aliyefikisha miaka 50 ni chanjo yenye nguvu kweli kweli. Hapo hatuna ubishi. Ubishi unaanza unapoitafuta Dar es Salaam. Haimo kwenye ratiba ya chanjo za serikali, kwa hiyo usiende kuiulizia zahanati ya mtaa. Ni ya kulipia mfukoni kwenye hospitali na kliniki binafsi, na huenda ukaambiwa usubiri iagizwe. Ndiyo maana tunapima vitu viwili hapa: chanjo yenyewe, na huduma ya kuipata katika mji wa joto kali na umeme wa kukatika. Chanjo tunaipa alama za juu. Huduma itategemea maswali utakayouliza kabla hujatoa hela.

Tuanze na ugonjwa, maana maneno ya mtaani juu yake ni mengi kuliko ukweli.

Mkanda wa jeshi unaletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga. Ukishaugua tetekuwanga, hata kama ilikuwa utotoni na makovu yamefutika, virusi haviondoki mwilini. Hujificha kwenye mafundo ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, au kwenye mishipa ya fahamu ya uso, vikakaa kimya miaka 30, 40, hata 60. Kinga inayovibana hupungua kadiri umri unavyosogea. Hupungua haraka zaidi kwa mwenye saratani, mwenye VVU, aliyepandikizwa figo, au anayemeza dawa za kushusha kinga kwa sababu ya baridi yabisi na maradhi ya aina hiyo. Kinga ikilegea, virusi huamka kwenye fundo moja na kuteremka na mshipa wake mpaka kwenye ngozi. Marekani, mtu 1 kati ya 3 huupata ugonjwa huu katika maisha yake. Kwetu chanjo ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya watoto, hivyo mtu mzima wa hapa achukulie kwamba virusi anavyo. Hana haja ya kujikumbusha kama aliugua, wala kulipia kipimo cha damu kwanza.

Mshipa mmoja huhudumia kipande kimoja cha ngozi, upande mmoja wa mwili. Kwa sababu hiyo malengelenge hutoka kwa mstari kutoka mgongoni kuja ubavuni au kifuani, kisha husimama katikati ya mwili. Ile kauli kwamba mkanda ukizunguka kiuno na ncha zikakutana mgonjwa anakufa haina msingi: mshipa wa kulia hauna kazi kwenye ngozi ya kushoto. Malengelenge yakitapakaa sehemu nyingi za mwili, hiyo ni alama ya kinga iliyoshuka sana na ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, lakini sababu yake si ncha kukutana.

Kinachowapoteza watu ni kwamba maumivu hutangulia. Siku 1 mpaka 5 kabla ya kipele cha kwanza, mgonjwa huhisi kuungua, kuchomwachomwa au kuwashwa sehemu moja. Mzee anasema ana kichomi, anapewa dawa ya misuli au anapimwa moyo, halafu siku ya tatu malengelenge yanajitokeza. Yatakauka na kufanya magaga ndani ya siku 7 hadi 10, na ngozi kupona kwa wiki 2 mpaka 4. Kama habari ingeishia hapo, tusingekuwa na haja ya kuandika juu ya chanjo ya bei hii.

Haiishii hapo. Kati ya wagonjwa 100, wapatao 10 hadi 18 hubaki na maumivu ya mshipa baada ya ngozi kupona, kwa miezi, wengine kwa miaka, na umri ukiwa mkubwa uwezekano nao unapanda. Ni maumivu ambayo panadol haiyafikii. Shati likigusa ngozi ni moto, shuka ni moto, upepo wa feni ni moto. Mzee anaacha kulala, anaacha kutoka, anapungua. Tishio la pili ni jicho. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, kope, na hasa ncha ya pua, mshipa unaohudumia jicho umeguswa, na mgonjwa anatakiwa kwa daktari wa macho siku hiyo, iwe Muhimbili, CCBRT Msasani au kwingineko penye daktari huyo. Yakitokea sikioni huku upande mmoja wa uso ukilegea, nayo ni dharura.

Kuhusu kuambukiza: huwezi kumwambukiza mtu mkanda wa jeshi. Unaweza kumwambukiza tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuugua, kupitia majimaji ya malengelenge. Funika kwa nguo safi, nawa mikono, na mpaka magaga yakauke kaa mbali na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, na mtoto njiti. Mtu wa nyumbani hahitaji kutengewa sahani.

Halafu kuna aibu. Miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza VVU hazijaenea, mkanda wa jeshi kwa kijana ulikuwa mojawapo ya dalili za mwanzo za VVU, na jina hilo baya halijafutika. Kijana wa miaka 30 akiupata, kumshauri apime ni sahihi kabisa. Kwa bibi wa miaka 70, umri peke yake unatosha kuwa sababu. Wazee wanaoficha vipele kwa kuogopa maneno ndio wanaofika hospitali siku ya sita, wakati dawa imeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Chanjo yenyewe

Shingrix haina virusi hai. Ina protini moja ya juu ya virusi, glaikoprotini E, mikrogramu 50, pamoja na kichocheo cha kinga kinachoitwa AS01B. Kichocheo hicho kina vitu viwili vinavyofanya kazi: kimoja kimetokana na bakteria, kingine kimetolewa kwenye gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria. Kichocheo ndicho siri ya nguvu yake, na ndicho pia kinachokufanya ulale na baridi usiku wa kwanza. Kwa kuwa hakuna virusi hai, haiwezi kukupa mkanda wa jeshi, na ndiyo maana inafaa hata kwa wenye kinga dhaifu.

Iliidhinishwa Marekani Oktoba 2017. Kwenye jaribio kubwa la watu wa miaka 50 na zaidi, kati ya waliochanjwa 7,344 walioingizwa kwenye hesabu, waliougua walikuwa 6. Kati ya 7,415 waliochomwa sindano isiyo na dawa, waliougua walikuwa 210. Hiyo ni kinga ya asilimia 97 kwa muda wa takriban miaka 3. Kwa wenye miaka 70 na zaidi ilikuwa asilimia 91, jambo lisilo la kawaida, kwani chanjo nyingi hupungua nguvu kwa wazee. Waliofuatiliwa mpaka mwaka wa 11 bado walikuwa na kinga ya karibu asilimia 80.

Hizo ni namba za majaribio, na tunazisoma kwa macho mawili. Jaribio lile lilifanyika nchi 18 za Ulaya, Amerika, Asia na Australia, Afrika haikuwamo. Na nje ya majaribio, kwa wazee wa Marekani walio kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, kinga ilishuka: karibu asilimia 70 kwa waliopata dozi mbili, na 57 kwa walioishia dozi moja. Bado ni namba ya kuheshimika. Ila muuzaji akikuambia kinga ni asilimia 97 na akanyamaza, amekupa nusu ya maelezo.

Kabla yake ilikuwapo Zostavax, chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, dozi moja, kinga ya asilimia 51 kwa wenye miaka 60 na zaidi. Marekani iliacha kuuzwa Novemba 2020. Ukipewa ofa ya chanjo ya mkanda wa jeshi ya dozi moja, uliza jina. Na usikubali chanjo ya tetekuwanga ya watoto kama mbadala, maana hiyo ina kiasi kidogo sana cha virusi ukilinganisha na Zostavax, haikutengenezwa kwa kazi hii, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu virusi hai ni hatari. Majina yanafanana, na mtu wa mapokezi anaweza kuzichanganya bila nia mbaya.

Kwenye meza ya kuchanganyia

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na mteja anaweza kuyaona kwa macho yake. Shingrix kwa kawaida huja kwenye boksi ikiwa na vichupa viwili. Kimoja kina unga mweupe, ndiyo protini, na kizibo chake ni cha kahawia. Kingine kina kimiminika, ndicho kichocheo, kizibo cha bluu inayoelekea kijani. Muuguzi huvuta kimiminika chote, hukiingiza kwenye kichupa cha unga, hukizungusha taratibu mpaka unga uyeyuke wote, kisha huvuta mililita 0.5. Mchanganyiko uliokamilika una ukungu kidogo, hauna rangi au una ukahawia kwa mbali. Ukiona vipande vinaelea, usichomwe. Sindano inaingia kwenye msuli wa bega, imesimama wima. Haipitishwi chini ya ngozi wala haichomwi kwenye makalio.

Makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni kuchoma kimiminika peke yake, kwa kuwa kinaonekana kama chanjo iliyokamilika na nesi anayeiona mara ya kwanza hashuku kwamba kuna kichupa cha pili. La pili ni kuyeyusha unga kwa maji ya sindano ya kawaida yaliyo kwenye droo. Yote mawili hayahesabiki kama dozi, inabidi urudie. Kwa hiyo omba kuona vichupa vyote viwili kabla havijafunguliwa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na omba ichanganywe mbele yako. Ikishachanganywa ni ya kutumiwa papo hapo. Ikilazimika kusubiri, ni kwenye jokofu na isizidi saa 6, baada ya hapo inamwagwa. Kliniki inayokupokea na sindano waliyokwisha kuijaza kwenye trei ijibu kwanza ilijazwa saa ngapi.

Huduma mjini: unanunua jokofu

Shingrix hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya boksi lake ili isipigwe mwanga. Ikiganda inatupwa, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Watu wa Dar huogopa joto tu, na joto kweli ni tatizo, lakini kuganda ni adui asiyesemwa: chanjo imesukumwa karibu na sehemu ya barafu kwenye friji la nyumbani lenye mlango mmoja, au imesafirishwa kwenye kibebeo huku pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza zimeligusa boksi. Ukiitazama chanjo iliyoharibika huwezi kuitofautisha na nzima. Ushahidi pekee ni daftari la joto.

Ndiyo maana hatupendekezi kabisa ule utaratibu wa kununua chanjo famasi moja, kuipandisha bajaji ndani ya mfuko wenye barafu, na kuipeleka kuchomwa kwingine. Foleni ya Mwenge au Tazara mchana wa Februari haina huruma, na ikiharibika njiani hakuna atakayewajibika: famasi itasema ilitoka nzima, kliniki itasema ilipokea kama ilivyo. Chagua mahali panapohifadhi na kuchoma palepale. Kwa sababu hiyohiyo, chanjo iliyoletwa na ndugu kwenye begi kutoka Ulaya au India tunaipa sifuri, hata kama ndugu huyo ni wa kuaminika kiasi gani. Kama mzee anasafiri kwenda India kwa matibabu, ambako Shingrix imekuwa sokoni tangu 2023, ni heri achomwe hukohuko na arudi na kadi, ilimradi mmeshajua dozi ya pili ataipatia wapi.

Piga simu kabla ya kwenda. Mazungumzo mazuri huwa mafupi:

"Habari za kazi, dada. Naulizia chanjo ya mkanda wa jeshi kwa mzee wangu. Ni Shingrix?"

"Ndiyo, Shingrix."

"Iko hapo kwenu sasa hivi, au mnaagiza? Na dozi ya pili mtamwekea?"

"Tunaagiza, inachukua siku kadhaa. Ya pili ukilipia tunaagiza pia."

"Jokofu lenu la chanjo mnaandika joto mara ngapi kwa siku? Umeme ukikatika?"

Swali hili la mwisho ndilo linalochuja. Kituo kinachojua kazi yake kitajibu bila kusita: jokofu la chanjo peke yake, kipimajoto ndani, joto linaandikwa asubuhi na jioni, jenereta ipo. Kituo kinachosema "usijali, iko kwenye friji" hakijajibu. Ukifika, ukiona soda au chakula cha wafanyakazi kwenye jokofu hilo, mlango unafunguliwa ovyo siku nzima. Ondoka bila kugombana.

Uliza pia karatasi za TMDA, mamlaka ya dawa nchini, yaani namba ya usajili au kibali cha kuiingiza nchini. Rejista ya dawa zilizosajiliwa ipo mtandaoni, na mtoa huduma halali haoni taabu kuonyesha. Bei iulizwe kwa dozi mbili pamoja na gharama ya kumwona daktari na ya kuchoma, maana bei ya simu mara nyingi ni ya kichupa tu. Kwa kulinganisha, Marekani dozi moja huzunguka dola 200. Ukitajiwa bei ndogo kama ya chanjo ya pepopunda, kuna kitu hakipo sawa. Kuhusu bima, pata jibu la maandishi kutoka kwenye bima yenyewe kabla ya siku ya sindano. "Nadhani wanalipa" ya mapokezi haitakusaidia bili ikishatoka.

Siku mbili za baada ya sindano

Hii ni chanjo inayouma, na anayechanjwa ana haki ya kuambiwa mapema. Katika kila watu 100, wapatao 78 huumwa bega, 45 huumwa misuli na wengine wengi kiasi hicho huchoka, 38 huumwa kichwa, 27 hutetemeka kwa baridi, 21 hupata homa, 17 huchafukwa na tumbo. Karibu 17 hupata madhara makali kiasi cha kushindwa kazi zao za kawaida. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 2 hadi 3. Usipange sindano mkesha wa safari ya kijijini, harusi au siku ya mzee kwenda benki. Chagua siku ambayo kesho yake kuna mtu nyumbani. Achomwe mkono asioutumia sana, akae kituoni dakika 15 kuangaliwa mzio, anywe maji ya kutosha, na parasetamoli anywe homa au maumivu yakianza; hakuna haja ya kuitanguliza.

Dar kuna jambo la ziada. Homa na kutetemeka hapa kwa kila mtu ni malaria, na mzee atapewa dawa ya mseto na jirani kabla jua halijazama. Asimeze bila kupima. Homa ya chanjo huanza ndani ya siku moja au mbili na kuondoka yenyewe. Ikivuka siku ya tatu, au ikija na kutapika sana, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, apelekwe akapimwe, kwa sababu chanjo haimzuii mtu kuugua malaria wiki hiyohiyo.

Kuna athari adimu ya kuijua: ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga hushambulia mishipa ya fahamu na miguu kuanza kuishiwa nguvu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo hilo kwenye maelezo ya chanjo. Makadirio ni wagonjwa wa ziada 3 hadi 6 katika kila dozi milioni 1 kwa wenye miaka 65 na zaidi. Kwa hesabu hiyo faida inashinda kwa mbali, lakini udhaifu wa miguu unaopanda juu ndani ya wiki 6 baada ya sindano usichukuliwe kuwa ni uzee.

Dozi ya pili hutolewa miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza. Aliyechomwa Machi, dirisha lake ni Mei mpaka Septemba. Kwa mwenye kinga dhaifu daktari anaweza kuisogeza iwe mwezi 1 hadi 2. Ukichelewa kupita miezi 6, huanzi upya, unachoma ya pili tu. Ukiwahi kabla ya wiki 4, dozi hiyo haihesabiki. Wengi hukwama hapa kwa sababu mbili: walioumwa sana mara ya kwanza wanaogopa, na kliniki imeishiwa. La kwanza lisikutishe, kwani kuumwa vibaya dozi ya kwanza hakumaanishi ya pili itakuwa hivyo. La pili lizuie mapema kwa kuandikiwa kwenye kadi jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe na mwezi wa kurudi, na kuwakumbusha wiki tatu kabla ili waagize. Kadi ipigwe picha na mtoto wa nyumbani. Za karatasi hupotea.

Nani achanjwe, nani asubiri

Mwenye miaka 50 na kuendelea, na mwenye miaka 18 na kuendelea ambaye kinga yake imedhoofika. Anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, azungumze na daktari wake huko. Kuwa kwenye dawa za VVU hakumzuii. Anayetarajia kuanza tiba ya saratani au dawa za kushusha kinga apate walau dozi ya kwanza kabla hajaanza, ikiwezekana. Inaweza kutolewa siku moja na chanjo ya mafua au ya nimonia, kila moja mkono wake, ingawa kwa mzee dhaifu sisi tungezitenganisha ili asilemewe na homa ya mbili kwa pamoja. Mjamzito asubiri. Mwenye homa kali asubiri ipite. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa kiungo chochote cha chanjo hii asiguse.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Wales uliohusisha chanjo hizi na kupungua kwa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, kwa karibu moja ya tano katika miaka 7. Ni utafiti mzuri, lakini ulihusu Zostavax, ile ya zamani. Anayekuuzia Shingrix kama dawa ya kumbukumbu anaruka hatua.

Na tuseme wazi: kama dawa ya presha au ya sukari ya mwezi huu haijanunuliwa, chanjo isubiri. Kama hela ya dozi ya pili haionekani popote, pia isubiri mpaka ionekane.

Akishaugua

Chanjo si tiba. Malengelenge yakishatoka, kinachotakiwa ni vidonge, na saa 72 za mwanzo tangu kipele cha kwanza ndizo za thamani. Dawa inayopatikana kirahisi mjini ni asikloviri, kwenye pakiti huandikwa Acyclovir, na daktari huandika miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Kosa la kila siku kwenye maduka ya dawa ni kutoa kidonge kimoja cha miligramu 200 mara tano, ambacho ni kipimo cha malengelenge ya sehemu za siri. Kwa mkanda wa jeshi, vidonge vya 200 ni vinne kwa mkupuo, vya 400 ni viwili. Ratiba inayokumbukika ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, kwa maji mengi. Mwenye ugonjwa wa figo lazima apunguziwe kipimo, asijinunulie. Ukimudu valasikloviri, ni miligramu 1,000 mara 3 kwa siku kwa siku 7, na mzee huikamilisha kwa urahisi zaidi. Saa 72 zikipita lakini malengelenge mapya bado yanatoka, au jicho limeguswa, aende hata hivyo.

Tyubu ya krimu ya asikloviri ni hela iliyopotea kwa ugonjwa huu, kwa sababu virusi viko kwenye mshipa. Majivu, dawa ya meno na tope huleta usaha tu. Osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kausha kwa kugusagusa, vaa pamba laini. Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, mwambie daktari kwamba ni ya mshipa, kwa kuwa dawa zake ni nyingine: amitriptilini kwa kiwango kidogo usiku, gabapentini au pregabalini. Zote hulevya kidogo mwanzoni, na mzee anayeamka usiku kwenda chooni anaweza kuanguka. Acha taa ikiwaka.

Aliyeugua anaweza kuugua tena, kwa hiyo naye achanjwe. Asubiri tu malengelenge yapone kabisa, kisha apige ile simu.